Mabega ya Kijiti

Jumapili, 4 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Sikuulizi hali, maana najua utanijibu kwamba mifupa inauma na jirani yako anapika kwa moshi. Kaa kitako kwanza. Umekaa? Kijiti amechaguliwa timu ya taifa!

Wallahi sitii chumvi. Majina yalibandikwa mlangoni pa ofisi ya chama cha riadha juzi Ijumaa. Mita mia nane wasichana wanne, na jina la mwanangu ndilo la kwanza. Nilikuwa na sindano mdomoni niliposikia, nusura niimeze. Nikaacha cherehani inazunguka peke yake, nikakimbia barabarani na futi ya kupimia shingoni kama mwendawazimu. Watu wakauliza, fundi kuna msiba? Nikawaambia hakuna msiba, kuna mbio!

Unajua mwaka wa sita huu mimi ndiye ninayewashonea jezi wanariadha wa chama. Kila msimu wanakuja dukani, nawapima mmoja mmoja, naandika vipimo kwenye karatasi, na karatasi hiyo naifunga pamoja na mzigo ili mtunza stoo ajue jezi ipi ya nani. Safari hii, mwezi uliopita, nilimpima mwanangu mwenyewe. Mabega yale jamani! Nilimpa mkato wa kiume, ule ninaowafanyia vijana, na jezi imemkaa kama ngozi yake. Akajitazama kwenye kioo, akaniambia, "Mama, hii sasa ndiyo inayoniachia mikono."

Sasa nina ombi. Mwandishi wa gazeti la michezo alikuja, neno likaniponyoka mdomoni kwamba shangazi yangu naye alikimbia mia nane enzi hizo, kabla goti halijamharibikia. Aliruka! Anataka picha yako ya zamani. Nakuomba unitumie hata moja, kwa huyo huyo dereva wa basi anayetupelekea barua. Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako tutapigizana kelele mpaka mtaa mzima ujue.

Ngoja nikalale mapema. Keshokutwa Kijiti anapelekwa kuchunguzwa afya, nimeshasaini karatasi ya ridhaa, maana bado hajatimiza kumi na nane.

Mwanao,
Fundi


Jumamosi, 10 Mei

Mwanangu,

Nilipiga kelele jikoni peke yangu mpaka jirani akaja mbio na ufagio, akidhani nimeona nyoka. Nikamwambia mjukuu wangu anakimbilia taifa. Akasema hongera, akarudi kwenye moshi wake. Mpe Kijiti busu langu la utosini, na umwambie asinywe maji mengi kabla ya mbio.

Picha sitoi. Usiniulize kwa nini, na huyo mwandishi usimwambie neno lingine juu yangu. Hata moja.

Sasa nijibu mimi. Karatasi uliyosaini, uliisoma? Mimi nimepiga chapa karatasi za maofisini miaka thelathini na moja. Mambo mazuri huwekwa juu, na jambo lenyewe huwekwa chini, ambako mtu ameshachoka kusoma. Tafuta nakala. Soma mstari wa mwisho, halafu uniandikie neno kwa neno.

Na hili ndilo kubwa zaidi: kwenye huo uchunguzi walipelekwa wasichana wote wanne, au yeye peke yake?

Basi linatoka huko Jumanne. Usilikose.

Shangazi yako


Jumatatu, 19 Mei

Shangazi,

Peke yake. Alipelekwa peke yake.

Nisamehe kwa kuchelewa, basi la Jumanne limenipita nikiwa nimekaa tu. Mikono haijui kazi. Jana nimeshona suruali ya mteja miguu yote miwili upande mmoja.

Mstari wa mwisho unasema: "pamoja na uthibitisho wa jinsia pale itakapoonekana inafaa." Niliusaini, shangazi. Kwa kalamu yangu mwenyewe, huku nacheka.

Walimweka saa tatu. Kijiti aliporudi hakunisalimia. Aliingia bafuni, akaoga mpaka tangi likakauka, akatoka, akaoga tena kwa maji ya ndoo. Siku mbili hakusema. Siku ya tatu akaniambia walimvua nguo zote, watu wanne, mmoja wao hata hakujitambulisha ni nani. Walimwangalia, walimshika, walimpiga picha ya tumbo kwa mashine, walimtoa damu chupa tano. Aliwauliza, "Mnatafuta nini?" Wakamwambia alegeze mwili.

Majibu yametoka. Nayaandika kama yalivyo kwa sababu wewe si mtu wa kufichwa. Wanasema damu yake ina homoni za kiume kupita kiwango wanachoruhusu kwa wanawake. Wanasema ndani hana kizazi. Ana tezi mahali ambapo hawakutarajia. Shangazi, mimi mama yake nilijua hajawahi kuona siku zake. Kocha alisema wakimbiaji wengi huchelewa, nikajiambia ni mazoezi, ni wembamba. Nilijiambia hivyo miaka mitatu! Nilimzaa mimi, nilimwogesha mimi, ni binti kama binti yeyote, wakunga walishangilia binti.

Sasa wanataka afanyiwe upasuaji, tezi zitolewe. Akikubali, nafasi yake itahifadhiwa mpaka msimu ujao. Akikataa, anatoka timu ya taifa na hakimbii popote tena chini ya chama.

Na siri imevuja, sijui kwa mlango gani. Picha zake zimejaa kwenye simu za watu. Wamemchorea duara jekundu kwenye taya, duara kwenye mabega, duara mahali ambapo siwezi kuandika. Muuza magazeti wa hapa kona, aliyemwona mwanangu akitambaa, kaniuliza leo, "Fundi, kumbe ulizaa kijana?" Nilimtupia mkasi. Namshukuru Mungu nina shabaha mbovu.

Lakini wewe ulijuaje? Ulijuaje kuuliza kama yuko peke yake? Hilo linanikosesha usingizi kuliko yote.

Fundi


Jumamosi, 24 Mei

Mwanangu,

Nilijua kwa sababu na mimi niliingizwa chumba kile.

Miaka hamsini na moja imepita na sijamwambia mtu. Ninyi nyote mlikua mkiambiwa goti la shangazi liliharibika. Goti langu halijawahi kuuma. Goti ni hadithi ya marehemu baba yako, aliitunga kwenye ngazi za zahanati nikiwa nimesimama naye.

Nakuona umeshika mdomo. Shika, lakini endelea kusoma.

Tulikuwa wasichana watano, wa kwanza kupelekwa mashindano ya nje. Enzi zetu msichana kuvaa bukta mbele za watu ilikuwa habari ya mji. Tulipokuwa tukifanya mazoezi wanaume walisimama kwenye uzio kutuzomea, na wake zao walikuja kuwachukua kwa masikio. Walisema tutakosa waume. Walisema matumbo yatashuka. Sisi tulikimbia tu. Mimi nilikuwa nawaacha wenzangu mbali, mpaka watu wa uzioni wakaacha kuzomea. Walinyamaza. Ukimya ule sikuuelewa siku zile, nikadhani ni heshima.

Kaka yangu, yaani baba yako, alikuwa meneja wa timu. Wiki mbili kabla ya safari akasema kuna utaratibu mpya kwa wanawake tu, dakika kumi, basi. Wanaume hawakuombwa kuthibitisha kitu.

Kilikuwa chumba chenye pazia la kijani na meza ndefu, madaktari watatu, mmoja anavuta sigara. Tulivua, tukapanga mstari. Nakumbuka sakafu ilikuwa ya baridi, na yule wa sigara alitumia peni kunielekeza nigeuke. Wenzangu wanne walitoka na kadi ndogo ngumu, ya rangi ya waridi, imepigwa chapa: mwenye kadi hii ni mwanamke. Na mhuri. Mimi nilibakizwa. Walinichunguza siku mbili, halafu wakamwita kaka yangu, si mimi. Waliongea na yeye mlango umefungwa.

Alitoka na karatasi ya upasuaji. Ni hiyo hiyo mliyoletewa ninyi, imebadilika maandishi tu.

Nilikataa. Nikavaa viatu nikarudi nyumbani. Kesho yake magazeti yakaandika goti, na mimi nikaanza kujifunza kupiga chapa.

Kwa hiyo Kijiti asisaini. Mwambie Bibi yake alikataa, na ameishi. Mwambie ndivyo nilivyosema.

Shangazi yako


Jumanne, 3 Juni

Shangazi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa chini kwenye vitambaa. Baba! Baba yangu aliyekuwa akinifunga kamba za viatu! Nimeitoa picha yake ukutani, nikairudisha, nikaitoa tena. Sasa hivi imelala kifudifudi kabatini. Sijui nimwonee uchungu nani kati yenu.

Nimemwambia Kijiti yote. Nilitegemea itampa nguvu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu unajua alisema nini? Nakuandikia maneno yake bila kupunguza:

"Bibi alikataa, akapata nini? Alikaa kwenye kiti miaka thelathini anapiga chapa barua za watu. Mimi sitaki kukaa kwenye kiti. Wakate wanachotaka kukata, mimi nikimbie."

Nimembembeleza, nimefoka, nimelia mbele yake. Ameshikilia hapo hapo. Anasema wewe ulikuwa jasiri na ujasiri wako haukukusaidia kitu. Anatimiza kumi na nane Alhamisi tarehe 12, na baada ya hapo saini yangu haihitajiki. Hospitali imempangia upasuaji Jumatatu ya tarehe 16.

Kuna jingine, shangazi, na hili sijamwambia mtu yeyote chini ya jua.

Nilikwenda ofisi ya chama kuomba jalada lake. Nilitaka kujua nani alianzisha. Karani akanipa barua ya malalamiko, jina limefutwa kwa wino mweusi. Inasema mwili wa msichana huyu unatia shaka, tazama kiambatisho cha pili. Nikafunua.

Kiambatisho cha pili ni mwandiko wangu.

Ni karatasi yangu ya vipimo, ile niliyoifunga kwenye mzigo wa jezi. Mtu ameitoa nakala. Jina la mwanangu, mabega, kifua, kiuno, nyonga, na pembeni nimeandika kwa peni nyekundu, nikapiga na mstari chini ili nisisahau wakati wa kukata kitambaa: MKATO WA KIUME. Hapo chini wao wameandika, "Hata mshonaji rasmi wa timu, baada ya kumpima, amemweka upande wa wanaume."

Karani akaniuliza, "Mama, nikuletee maji?" Nikamwambia lete.

Ni mimi. Miaka sita nimeandika vile vile kwa wasichana watatu wengine wenye mabega, warusha mkuki wale, hakuna aliyewagusa, maana hawakuwa wanashinda. Mkono wangu mwenyewe umempeleka mwanangu kwenye chumba kile, halafu mkono huo huo ukasaini ridhaa. Nitamtazamaje?

Msaidie mjukuu wako. Mimi maneno yameniisha.

Fundi


Jumatano, 11 Juni

Mwanangu,

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni ya Kijiti. Mpe mkononi, usiifungue, hata kama inakuwasha. Nimeichana mara tatu ndiyo maana imechelewa, na wa kulaumiwa ni mimi.

Jirani aliniambia ana simu, niandike ujumbe ufike leo leo. Siwezi kumpa jirani mambo haya ayabofye kwa vidole vyake.

Kuhusu karatasi ya vipimo: ulipima mabega ili jezi imkae mwanao. Hilo ni kosa la nani? Mwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine.

Shangazi


Jumatano, 11 Juni

Kijiti, mjukuu wangu,

Sikukataa.

Nimemdanganya mama yako, na kupitia kwake nimekudanganya wewe. Niliandika kwamba nilivaa viatu nikaenda zangu. Ni uongo. Nimeusema moyoni miaka mingi mpaka nikauzoea kama ukweli, na ulipotoka kwenye kalamu ulitoka laini. Mama yako aliponiandikia maneno yako, kwamba nilikataa na sikupata kitu, nilihisi nimepigwa kofi. Unataka kusaini kwa sababu yangu, na hiyo sababu haipo.

Nilisaini, Kijiti. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilitaka kukimbia, kama unavyotaka wewe, kwa maneno hayo hayo. Kaka yangu alinishikia karatasi isiteleze. Hakuwa mtu mbaya. Waliomwambia walimwambia ni kama kung'oa jino, na yeye aliniambia hivyo hivyo, na machozi yanamtoka. Wakanilaza, wakanifungua tumbo, wakatoa walichotoa. Hawakunionyesha wala hawakunipa jina lake. Niliamka nina mshono wa urefu wa kiganja, na muuguzi akaniambia hongera.

Baada ya miezi minne nilirudi uwanjani. Nilikuwa na kadi ya waridi mfukoni, sasa nimekuwa mwanamke kwa mhuri. Nilikimbia mia nane. Katika raundi ya kwanza nilikuwa wa tatu, nikasubiri mwili wangu uje. Ulikuwa na kawaida ya kuja pale kwenye kona ya mwisho, wewe unajua ninachosema, mama yako hajui. Haukuja. Nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa wa mwisho mara ya pili na mara ya tatu, na mara ya nne hawakuniita.

Halafu likaja joto la ghafla, jasho linanitiririka ofisini kama mwanamke wa miaka hamsini. Nilipotimiza ishirini na nane nilishuka kidato kimoja cha ngazi, nyonga ikavunjika. Daktari akatazama picha, akauliza umri wangu mara mbili. Alisema mifupa hii ni ya bibi kizee. Zile tezi walizotoa ndizo zilizokuwa zinailinda, na hakuna aliyenipa kitu cha kuziba pengo. Nimevunjika mara tano. Mnaniona natembea kwa fimbo, mnasema uzee. Fimbo hii ninayo tangu mama yako yuko chekechea.

Watoto sikujaliwa. Huenda nisingezaa hata wasingenigusa, sijui. Walinichukulia hata nafasi ya kujiuliza.

Kiti cha kupigia chapa unachokidharau, nilikikalia kwa sababu sikuweza kusimama.

Sikuambii usisaini. Niliambiwa mengi mimi, na ninajua yanavyouma. Utakapofika Jumatatu, muulize daktari mambo matatu na umtazame machoni. Kwanza: mimi ni mgonjwa? Pili: mkishatoa, mifupa yangu italindwa na nini, kwa miaka mingapi, na nani atakayekuwa ananipa? Tatu: mliowakata kabla yangu, ni nani aliyerudi akashinda?

Akikujibu vizuri yote matatu, fanya unalotaka, na Bibi yako atakaa kimya.

Nisamehe. Nilitaka uwe na bibi jasiri.

Bibi


Jumamosi, 21 Juni

Bibi,

Barua yako ilifika Jumamosi iliyopita jioni. Nilikuwa nimeshasaini Ijumaa.

Nakuandikia hivi kwanza ili ujue tulifika wapi. Siku moja baada ya kutimiza kumi na nane nilivaa vizuri, nikaenda peke yangu, nikaandika jina langu mara tano kwenye karatasi tano. Nilijiona mtu mzima kweli kweli. Mama hakuwa anaongea na mimi.

Nilisoma barua yako bafuni ili mama asinione uso. Nimekukasirikia, Bibi. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo, hata wale wanne wa chumbani. Uongo wako ulinisukuma. Halafu nikaisoma tena, nikafika pale uliposubiri mwili uje kwenye kona ya mwisho na haukuja. Nililia kwa sauti, mama akavunja komeo la mlango. Ikabidi nimpe asome. Tulikaa sakafuni pale pale bafuni mpaka miguu ikafa ganzi, na ndipo akaniambia la karatasi ya vipimo. Nilimwambia jezi ile ndiyo pekee iliyowahi kunikaa.

Jumatatu tulikwenda wote wawili. Daktari ni mwanamke, mpole, anaongea taratibu, nilitaka awe mkali nipate kumchukia. Nikamuuliza maswali yako.

La kwanza alijibu haraka. Alisema, "Huumwi."

La pili, akasema kuna vidonge, vya maisha yote. Chama kitatoa vya mwaka wa kwanza. Nikamuuliza na wa pili? Akasema hilo si la idara yake.

La tatu alivua miwani akaifuta. Niliona anaifuta mahali palipo safi. Hakujibu, Bibi. Mama akasema, "Daktari, mtoto amekuuliza." Bado hakujibu.

Nikaomba karatasi zangu. Karani akasema zikishapokelewa hazirudishwi, ni utaratibu. Mama akainuka polepole, akazichukua zote tano mezani, akazikunja mara nne, akaziingiza ndani ya blauzi yake. Akamwambia karani, "Zifuate." Tukatoka. Nje ya geti mama akaanza kucheka, halafu kucheka kukageuka, nikamshika mkono mpaka nyumbani.

Basi, nimetoka timu ya taifa. Jina langu walilitoa mlangoni siku hiyo hiyo. Usifikiri nimefurahi. Nimekuwa nikiamka kila siku saa kumi na moja na mwili unataka kwenda, na sina pa kuupeleka. Sijui nitakuwa nani. Mama anasema nijifunze kushona, nikamwambia nitamchoma sindano.

Jana nilishindwa. Nilivaa viatu nikaenda uwanjani. Mlinzi wa getini ameambiwa asiniruhusu, alinieleza huku anatazama chini, akaniita dada. Wenzangu walikuwa ndani. Nilimsikia kocha anawapanga. Nikaenda kusimama barabarani, nje ya ukuta, karibu na geti, usawa wa mstari wao wa kuanzia. Filimbi ilipolia ndani, nikaondoka na mimi nje.

Bibi, nilizunguka ukuta ule mara mbili. Njia ya nje ni ndefu, ina mashimo na mtaro mmoja wa kuruka. Nilikuwa nasikia viatu vyao upande wa pili. Mama mmoja muuza ndizi alisogeza beseni lake, akasema pita mwanangu. Kwenye kona ya mwisho nikaogopa. Nikasubiri. Mwili ukaja.

Nilikuwa nimeshafika getini, nimeinama, nimeshika magoti, ndipo nikamsikia kocha huko ndani anataja muda wa aliyemaliza wa kwanza.

Wangu haukutajwa. Hakuna aliyenipima, sijui nilitumia dakika ngapi, na nataka kujua. Mama amejaribu kunipima leo, anapiga kelele badala ya kubonyeza saa. Panda basi la Jumamosi, Bibi. Tutakuwekea kiti pale kwenye ukuta, na saa utaishika wewe.

Mjukuu wako,
Kijiti